Kibao cha Mfereji wa Zizi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nimesimama mbele ya pipa la chuma lililokataa kupanda, mikono nimeifunga nyuma kama mwalimu wa zamu, na moyoni namwomba Mungu lipande lenyewe ili mimi nisilazimike kusema neno. Halikupanda. Nilikuwa na umri kama wako, na cheo kama chako, na mdomo kama wako pia, na hapo ndipo wasiwasi wangu unapoanzia.

Jana ulinipigia simu umejaa furaha. Ukaniambia Alhamisi wageni wanakuja kuangalia kama kweli chuo chenu ni cha kijani kama mnavyojisifu, na kwamba wewe ndiye umepewa kazi ya kuhakikisha kila mahali panang'aa. Nikakuuliza, hata zizi? Ukacheka, ukasema, "Hasa zizi, Mama, mbona linanuka hivyo." Halafu simu ikakatika. Tangu hapo nimekupigia mara nne na hushiki. Labda uko darasani, labda simu imeisha chaji, labda umeona jina langu ukasema huyu Mama anataka tu kuniuliza kama nimekula. Basi nimechukua daftari. Leo ni Jumatatu. Kesho asubuhi jirani yangu anayepeleka maziwa mjini kutoka hapa kijijini Ziwa atapita, nami nitampa barua hii akuachie langoni. Wewe ni mtoto wa dada yangu, kwa hiyo ni wangu, na ninakuomba uisome yote hata kama ni ndefu. Mimi sijui kusema mambo kwa ufupi, hilo unalijua.

Unajua pia kwamba nilisomea ualimu hapo hapo unaposoma. Lakini nilichokifanya hapo hukijui. Hata mama yako hakijui.

Nilipoingia chuoni, jikoni kulipikwa kwa kuni. Pale nyuma ya jikoni ambapo sasa mna kitalu cha miche, enzi zetu palikuwa ghala la kuni, na kuni zenyewe zilitoka bondeni, kwenye ile miti ya kienyeji iliyo kando ya kijito. Kila muhula iliangushwa miwili au mitatu. Ilikuwa mierezi na mizeituni mwitu, ya zamani kuliko chuo chenyewe, na kufikia mwaka wa habari hii ilikuwa imebaki kumi na mmoja. Niliihesabu mwenyewe. Kijito kilikuwa kimeanza kukauka kila Januari, tunachota matope, tunayaacha yatulie kwenye ndoo ndipo tuoge. Kila mtu alijua sababu, lakini chuo kizima lazima kile, na ugali haujipiki.

Aliyeupika alikuwa Mama Nafula. Alitoka upande wa Bungoma, akapanga chumba kule mtaani Huruma, na kila alfajiri alikuwa ameshafika kazini kabla ya sisi kuamka. Alikuwa mama mnene mwenye mzaha mwingi, lakini mzaha wake ulikatizwa kila mara na kikohozi. Akianza kukohoa alishika ukingo wa meza, anainama, na sisi tunasubiri na sahani zetu mkononi hadi amalize. Tulizoea. Ninaona aibu kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa, tulizoea.

Sisi wa klabu ya mazingira ndio tuliokuja na habari ya gesi ya samadi. Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa ameiona mahali, na sisi tukamsumbua mkuu wa chuo barua baada ya barua mpaka akakubali. Mafundi wakaja wakachimba karibu na zizi, wakajenga tangi chini ya ardhi, na juu yake wakaweka pipa kubwa la chuma, kinywa chini, likielea kwenye maji. Samadi ya ng'ombe wa chuo inachanganywa na maji, inaingia tangini, inachacha huko ndani, na gesi inayotoka inalinyanyua lile pipa. Jikoni wakiwasha, pipa linashuka. Wasipowasha, linapanda. Hilo lenu la siku hizi limefukiwa lote, halionekani, lakini kazi ni ile ile.

Siku ya kwanza moto ulipowaka, wa buluu, bila sauti, Mama Nafula alisimama mikono kiunoni akautazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Na moshi uko wapi?" Tulicheka hadi machozi. Kufikia mwisho wa muhula kikohozi kilikuwa kimepungua, akaanza kuimba nyimbo za kanisani akikoroga, na hatukuwa tumejua kwamba ana sauti. Mwaka ule hakuna mti ulioanguka. Kumi na mmoja ilibaki kumi na mmoja.

Na sifa zote nilizichukua mimi. Sikuziiba, nilipewa, nami nikazipokea kwa mikono miwili. Nilikuwa mwenyekiti wa klabu, najua kuongea, nasimama paredi nawaambia wenzangu habari za dunia na hewa na vizazi vijavyo, na wananipigia makofi. Nikianza kusema, hata walimu walinyamaza. Babangu alikuwa mzee wa kanisa, akiulizwa habari zangu alitembea na jibu mfukoni.

Aliyelilisha lile tangi kila siku, mwanangu, alikuwa mtu mwingine kabisa. Aliitwa Mzee Tuwei. Ndiye aliyekamua ng'ombe wa chuo, na tangi lilipojengwa likaongezwa kwenye kazi zake bila mtu kumuuliza. Kila asubuhi alisukuma wilibaro, anachanganya samadi na maji kwa mti mrefu mpaka iwe kama uji, anainama anainusa, ndipo anaifungulia. Kwenye nguzo kando ya pipa alikuwa amechora mistari mitatu ya rangi nyeupe. Pipa likifika mstari wa juu, gesi inatosha siku nzima. Wa katikati, inatosha chakula cha mchana na cha jioni kwa kubana. Wa chini, chai peke yake. Siku ambayo ng'ombe walinyunyiziwa dawa ya kupe, samadi yao hakuitia tangini, aliipeleka shambani, na kesho yake vile vile. Mimi niliona hivyo nikafikiri mzee ni mvivu, anajipa likizo. Sikumuuliza. Nilikuwa namtembelea tu nikiwa na wageni, na hapo nilizungumza mimi, yeye anasimama kando na kofia mkononi.

Zizi lilikuwa na mfereji wa simenti ulioteremka moja kwa moja hadi kwenye tangi. Katikati ya mfereji palikuwa na kibao cha mbao kilichosimama kwenye mtaro mdogo. Kikiwa kimefungwa, maji ya kuoshea zizi yanageukia upande wa shamba la nepia, yale majani ya ng'ombe. Kikiinuliwa, kila kitu kinaingia tangini. Kibao chenyewe hakikuwa kikubwa kuliko daftari hili.

Basi wageni wakatangazwa. Watu kutoka Nairobi, wanatafuta chuo kimoja cha kuwa mfano kwa vingine. Mkuu wa chuo akaniita, akaniambia mimi ndiye nitakayewatembeza, na kitu wanachotaka wote kukiona ni tangi la gesi. Siku mbili kabla hawajafika, Mzee Tuwei akapata msiba kwao Soy, kaka yake. Alinitafuta hadi darasani, yeye ambaye hakuwahi kuingia majengo ya masomo, akasimama mlangoni na gambuti zake, vile viatu virefu vya mpira.

"Mwalimu," aliniambia. Alituita sisi wote walimu, hata kabla hatujahitimu. "Naenda kuzika. Nitarudi Alhamisi. Hiyo mfereji msiguse mpaka nirudi."

Nilimpa pole kwa msiba. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Sikumuuliza kwa nini nisiguse, kwa sababu nilikuwa na karatasi ya mambo ya kufanya, na msiba wake haukuwa kwenye karatasi.

Jumatano tukaosha zizi. Wanachama wote wa klabu, na mafagio, na ndoo, na tukaomba stoo dawa ya choo, ile nyeusi ambayo ukiitia kwenye maji inageuka nyeupe kama maziwa na inanuka hospitali. Tulimwaga mtungi mzima. Nilitaka wageni wavute pumzi wasisikie ng'ombe hata kidogo. Sasa yale maji yaligeukia upande wa nepia kama ilivyopangwa, lakini yalikuwa mengi, yakafurika, yakatuama njiani, pale pale ambapo wageni wangepita na viatu vyao. Nikayaangalia. Nikawatuma wenzangu wakarudishe mafagio. Nikainama nikainua kibao.

Maji yalishuka tangini kwa dakika chache na njia ikakauka vizuri. Nikakirudisha kibao mahali pake, nikanawa mikono. Hakuna aliyeniona, na wala sikuwa najificha. Niliona nimetumia akili.

Kesho yake wageni walifika, wakapendezwa. Pipa lilikuwa kwenye mstari wa juu, kwa sababu lilikuwa na gesi ya siku zilizopita, na mimi niliongea siku hiyo kuliko siku yoyote. Nilipofika kwenye ile miti kumi na mmoja nikasema kwamba niko tayari kufa badala yake. Nilisema hivyo, mwanangu, mbele ya watu.

Jumapili pipa likashuka likabaki mstari wa katikati. Nikasema labda jikoni wamepika sana. Jumatatu likawa wa chini, na moto wa jikoni ukageuka manjano, unayumba, chai ikachelewa hadi kengele ya pili. Jumatano asubuhi ndiyo ile siku niliyoanza nayo, pipa limelala majini kabisa, na mimi mbele yake nikiomba muujiza. Nilikuwa nimeshajua. Jumanne nilikuwa nimepita mahali tope lililotumika linapotokea nje, na badala ya harufu ya siku zote nikasikia harufu ya hospitali. Nikakaa chini kwenye nyasi.

Hapo, ile Jumanne, ndipo ningepaswa kusema. Siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo. Tangi lilikuwa limepata ugonjwa wa siku sita tu.

Lakini nilifikiria babangu. Nilifikiria paredi, wale wote walionipigia makofi. Nikajiambia ngoja mpaka kesho, huenda litajirekebisha. Sahani nairudisha imejaa. Mtu akiniita jina nashtuka. Darasani mwalimu anaandika ubaoni, mimi naona pipa. Najua wasiwasi mwingi mwanangu, nimelea watoto na nimeuguza wagonjwa, lakini wasiwasi wa kujua kitu ambacho wengine wanakitafuta, huo sijaona mwenzake.

Jumatano hiyo mkuu wa chuo alituita wote mbele ya zizi. Alikuwa mtu wa haki lakini mwenye haraka. Mzee Tuwei akauliza kwa sauti ya kawaida kama kuna mtu aliyefungua kibao wakati yeye hayupo. Watu wakatazamana. Mimi nikatazama viatu vyangu. Mkuu akasema basi tangi limeharibika kwa sababu mwenye kulitunza aliliacha, na kama kufikia Jumatatu hakuna moto jikoni, litajazwa udongo na chuo kitarudi kwenye kuni kama zamani, na Mzee atarudi kwao Soy apumzike. Alisema hivyo, apumzike. Mzee alivaa kofia yake akarudi kwa ng'ombe.

Wakati huo Mama Nafula alikuwa anapikia magunzi ya mahindi. Unajua moshi wa magunzi, unakaa chini, hautoki. Siku ya pili kikohozi kilirudi. Nilikuwa kwenye foleni ya chakula cha mchana, akainua mwiko aniwekee, kikamshika. Akashika ukingo wa meza akainama. Nilisubiri na sahani yangu. Alipoinuka macho yalikuwa mekundu, akaniwekea ugali mwingi kuliko wa wengine, akasema kwa sauti ya chini, "Kula, mwenyekiti. Umekonda kwa ajili ya hiyo gesi yetu." Alidhani ninahuzunika pamoja naye. Nilienda nikaumwaga ule ugali kwa mbwa wa bawabu.

Ijumaa watu wenye panga wakashuka bondeni kutia alama kwenye miti. Niliwafuata. Walichonga kila mti jicho moja jeupe kwenye gome, wanahesabu kwa sauti, na walipofika kumi na moja wakaketi wakala mkate. Nilipitisha kiganja kwenye lile jeraha la mti wa mwisho, bado ni bichi, na ndipo nikaona kwamba sina pa kukimbilia tena. Nikapanda juu zizini.

Mzee Tuwei alikuwa anakamua. Nilisimama nyuma yake nikamwambia yote, kibao, dawa, njia ya wageni. Maneno yalitoka yamechanganyika na kamasi. Yeye hakugeuka, maziwa yanaendelea kulia ndani ya ndoo.

"Nilijua Alhamisi iliyopita," alisema. "Hiyo kibao iko na upande moja imeoza. Mimi naweka iliyooza juu. Wewe ulirudisha iliyooza chini."

Nilimuuliza kwa nini basi alinyamaza hadi anataka kufukuzwa.

Alimaliza chuchu aliyokuwa ameshika, akainuka, akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo tena. Hakuwa na hasira. Nilitamani angekuwa nayo.

"Nikisema mimi, ni mchunga ng'ombe anatafuta kisingizio. Nani ataamini?" Akasogeza ndoo. "Halafu nilitaka kujua kama hiyo miti ni yako, ama ni ya kuongea tu."

Mwanangu, nimefundisha miaka mingi, nimekemewa na wakaguzi, nimekemewa na babangu akiwa na mkanda mkononi. Hakuna neno lililonipata kama hilo.

Kisha akanieleza, na alinieleza kwa upole, kama mtu ambaye alikuwa anangojea kuulizwa. Akasema hii ni tumbo. Haina tofauti na tumbo la ng'ombe. Kuna vitu vidogo vinavyoishi humo, vinakula, vinatoa hewa, na mimi nimevipa sumu. Ndiyo maana yeye hutoa samadi ya siku ya dawa ya kupe. Akasema nyumbani ng'ombe akila kitu kibaya akaacha kucheua, wazee humkamata ng'ombe mzima mwenye afya, wakampokonya cheu mdomoni na kumpa mgonjwa ameze, na yule mgonjwa huanza tena. Tangi pia linaweza kuponywa hivyo. Lakini ni lazima litolewe yote yaliyomo, lioshwe kwa maji matupu, lipewe tumbo la wengine, na hiyo inataka watu na inataka siku, si Jumatatu. Na mkuu hatatoa watu wala siku kwa tangi ambalo anaamini limevunjika. Ni lazima ajue lilikula nini na ni nani aliyelilisha.

Nilienda ofisini na matope ya zizi kwenye viatu. Mkuu alinisikiliza hadi mwisho, kalamu mkononi. Aliniuliza swali moja tu.

"Mzee alikuambia usiguse. Kwa nini hukumuuliza sababu?"

Ningesema nini? Kwamba sikudhani mtu mwenye gambuti ana sababu? Nadhani alisoma jibu usoni kwangu, kwa sababu yeye pia aliangalia chini, huenda akikumbuka maneno yake mbele ya zizi. Siku hiyo hiyo alishuka mwenyewe kwa Mzee Tuwei. Walichoongea sikijui. Mimi nilivuliwa uenyekiti paredi, mbele ya wote, na nikasema kosa langu kwa mdomo wangu.

Tulipewa wiki tatu. Lakini watu lazima wale katika hizo wiki, na magunzi yalikuwa yanaisha. Mkuu akasema mti mmoja utakatwa, kumi itaachwa. Akasema mimi ndiye nitakayeenda kuonyesha ni upi.

Niliyasema kwa urahisi mbele ya wageni, kwamba nitakufa badala ya miti. Sasa nilitembea bondeni na watu wawili wenye msumeno nyuma yangu, nakwenda mti hadi mti. Huu una kivuli kwenye maji. Huu una viota. Huu umeshika ukingo, ukienda, udongo wote unaenda. Wale watu hawakuniharakisha. Mwishowe nikaweka mkono kwenye mzeituni mwitu uliokuwa mbali kidogo na maji, nikasema huu, na sikuondoka hadi ulipolala. Mama Nafula aliupikia siku ishirini na moja. Aliniambia angalau unanukia. Na siku hizo zote alikohoa.

Tulitoa tope la tangi kwa ndoo, mimi na wachache waliokubali kunisaidia, wengi walisema wana mitihani. Harufu yake ilitukaa mwilini wiki nzima, kwenye chumba chetu wenzangu walifungua madirisha. Mzee Tuwei alizunguka kwa wakulima wa Ziwa anaowajua, akirudi na magunia ya samadi ya ng'ombe ambao hawajanyunyiziwa dawa, na kutoka kichinjioni akaleta yale majani mabichi ya tumboni mwa ng'ombe, yakiwa bado na joto. Alichanganya yeye, lakini safari hii alinipa ule mti mrefu nikoroge, na akaniambia ninuse. Nikainusa mpaka nikajua ikiwa tayari inanuka vipi. Halafu tukangoja.

Wiki ya kwanza hakuna. Ya pili, hakuna. Kila asubuhi naenda na kijiti changu, napima pipa limetoka majini kiasi gani, na kila asubuhi ni pale pale. Bondeni alama za panga bado zinaonekana kwenye miti kumi. Nilianza kuota naonyesha mti mwingine, na mwingine. Siku ya kumi na tisa kijiti kilionyesha upana wa kidole. Sikumwambia mtu, niliogopa kulitisha. Siku ya ishirini na moja Mama Nafula akawasha kiberiti, moto ukatoka mdogo, wa buluu, ukashika. Hakuuliza moshi uko wapi. Alikaa kwenye kiti, akafunika uso kwa leso, na alipoweza kuongea akamtuma mtu amwite Mzee Tuwei aje anywe chai ya kwanza. Mimi niliosha sufuria.

Kikohozi chake kilipungua tena lakini hakikuisha kama mwanzo. Hadi natoka chuoni alikuwa akiimba wimbo mzima, kisha anasimama anatafuta pumzi. Sikupata kumwomba msamaha peke yake, wawili tu, kama ilivyopasa. Niliahirisha, na sasa hayupo.

Kwa hiyo ukinisikia nikipiga simu mara nne, usiseme Mama ana wasiwasi wa bure. Hapo kwenu tangi ni jipya lakini mfereji ni ule ule wa simenti, nilipita mwaka jana nikauona, na kibao kipo. Nisikilize sasa. Kabla hujamwaga ndoo hata moja, nenda zizini kwa mtu anayekoroga samadi. Sijui ni nani siku hizi. Muulize jina lake kwanza kama hulijui. Muulize maji yanakwenda wapi, na dawa gani inaua nini, na umsikilize hata kama mgeni amesimama langoni. Wageni wakisikia harufu ya ng'ombe, waisikie. Chuo cha kijani kina ng'ombe. Na kama umeshaosha, kama barua hii imekukuta umeshafungua kibao, basi usinawe mikono ukanyamaza kama mimi. Sema leo, kwa mdomo wako, kabla mwingine hajabebeshwa. Tangi la siku moja linapona upesi. Nililolificha mimi siku tisa lilimgharimu mama wa watu pumzi zake.

Na kitu kimoja zaidi. Ile picha uliyonitumia, mko klabu nzima mmesimama bondeni chini ya mzeituni wenye mashina matatu, ukaniuliza kwa nini huo peke yake umeota hivyo. Sikukujibu. Mzeituni mwitu ukikatwa haufi, huchipua kutoka kisikini. Huo ndio niliouwekea mkono.

Mungu akutangulie katika kila mlango unaoingia, hasa ile midogo ya nyuma. Akupe pua isiyodharau, na magoti mepesi ya kupiga mbele ya aliye chini yako kwa cheo. Miti yako iwe yako kweli, na jikoni kwenu mpishi aimbe hadi mwisho wa wimbo. Ukimaliza kusoma nipigie, hata kama ni kuniambia tu kwamba umekula.